Msikipe Kitambaa Kazi ya Sabuni

Wanangu wa Kindu, nawaandikia nyinyi mnaosomea uuguzi, nyinyi mafundi cherehani wa Kasuku na Mikelenge mlioanza kushona pedi za kufuliwa na barakoa, na nyinyi mnaopokea bidhaa zinazoshuka kwa ndege au kwa treni kisha mnazitembeza sokoni kwa maneno matamu. Siku hizi kila pakiti inadai kwamba kitambaa chake kinaua vijidudu. Soksi zinaua, mashuka yanaua, barakoa zinaua. Kuna pedi zenye utepe wa rangi katikati, na muuzaji anaapa mbele ya msichana wa shule kwamba utepe huo unatibu maambukizo ya tumboni. Nimefanya uuguzi mpaka nikaota mvi, nimefua na kuchemsha vitambaa vya wodi tangu enzi ambazo bandeji moja ilifungwa kwa mgonjwa, ikafuliwa, ikafungwa kwa mwingine. Ninachokiona sasa kinanitia hofu. Nisikilizeni kabla hamjatoa pesa, na kabla hamjamwambia mama wa watu jambo ambalo kesho hamtaweza kulitetea.

Kwanza mjue kilichomo ndani ya vitambaa hivyo, maana wauzaji wengi hawakisemi kwa kuwa hawakijui. Viwanda vina dawa chache vinazozirudia. Kuna madini ya fedha yaliyosagwa mpaka chembe zake hazionekani kwa jicho. Kuna shaba na zinki. Kuna triklosani, iliyokaa miaka mingi ndani ya sabuni na dawa za meno. Kuna chumvi za amonia, jamaa wa zile dawa zinazopigiwa deki sakafu za hospitali. Dawa hizi hufanya kazi kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, dawa hutoka kwenye uzi kidogo kidogo: jasho likilowesha kitambaa, chembe za fedha huachilia ioni, ioni zinaingia ndani ya bakteria na kuzishika protini zake mpaka zishindwe kufanya kazi. Katika njia ya pili, dawa imegandishwa kwenye uzi na haitoki. Kijidudu kikiugusa uzi, utando wake unatoboka.

Kila njia ina udhaifu wake, na udhaifu huo hauandikwi kwenye pakiti. Dawa inayotoka ina mwisho wake. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Troy Benn na Paul Westerhoff, walichapisha mwaka 2008 kazi yao juu ya soksi za dukani zenye chembe za fedha. Walizitikisa ndani ya maji mara kadhaa na kupima kilichotoka. Baadhi ya soksi zilishika fedha yake, nyingine ziliipoteza karibu yote baada ya mara chache tu. Mnunuzi aliyelipia dawa alibaki na soksi, na dawa ikaenda na maji. Ile iliyogandishwa nayo inaua kinachogusa uzi tu. Damu ikimwagika juu yake, au usaha, au mafuta ya ngozi, uzi unafunikwa, na kijidudu kinakaa juu ya uchafu bila kuguswa na chochote. Sasa niambieni, ni kitambaa gani cha hospitali kisichopata damu wala usaha?

Ile asilimia 99 inayoandikwa kwa wino mkubwa nayo ina hadithi yake. Kipimo kinachotumika sana duniani huweka bakteria kwenye kipande cha kitambaa chenye unyevu, katika joto la nyuzi 37, kwa saa 18 hadi 24, ndipo wanahesabu waliobaki. Mkono wako hausubiri saa 18. Unamgusa mgonjwa, unagusa shuka, unamgusa mgonjwa mwingine, yote hayo ndani ya dakika moja. Tena asilimia 99 ya milioni moja ikifa, wanabaki 10,000 wakiwa hai, na hao wanazaliana usiku huohuo.

Msidhani kitambaa chenye dawa kimeletwa juzi na ndege. Hapa kwetu tunacho siku nyingi, na tunakitengeneza wenyewe. Mtoto amejikata na panga mguuni. Mama anachana kipande cha kikwembe cha zamani, anakwenda kwenye kibanda cha dawa, ananunua kapsuli mbili za tetrasiklini au ampisilini, anazifungua kwa kucha, anamwaga unga juu ya kidonda na mwingine juu ya kitambaa, anakaza fundo. Siku ya tatu unga umekuwa ukoko mgumu wa manjano, na chini yake usaha unafukuta. Vitambaa vya namna hiyo nimevifungua mara nyingi sana. Kitambaa hicho hakivutwi kwa nguvu, maana kitang'oka na nyama. Unakilowesha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, unasubiri, unalowesha tena, mtoto analia na mama naye analia, mpaka ukoko uachie. Ndipo unakuta kidonda ambacho tangu siku ya kwanza kilihitaji maji safi, sabuni, kitambaa safi kikavu na sindano ya pepopunda.

Yule mama hakufanya hivyo kwa ujinga. Alimpenda mwanawe, alikuwa na pesa ya kapsuli mbili na hakuwa na ya hospitali. Simlaumu. Ila mimi na nyinyi tuliosoma tunapaswa kuona kwamba kiwanda kinachopaka dawa hafifu kwenye shuka na mama anayenyunyiza kapsuli kwenye kikwembe wamekutana mahali pamoja: wote wawili wanampiga nyoka mkiani. Dawa kidogo isiyofika inapotakiwa haimalizi vijidudu. Inawaua wanyonge na kuwaachia uwanja wale wagumu, na watoto wa wale wagumu wanazaliwa wakiwa wameshaizoea dawa.

Haya yamekwisha kuonekana kwa macho. Mwaka 1975 madaktari wa Boston, Marekani, waliandika juu ya wodi ya watu walioungua katika hospitali kubwa ya mji ule. Vidonda vya moto vilitibiwa kwa nitrati ya fedha. Akazuka bakteria wa jamii ya Salmonella asiyeijali fedha, na hakuijali ampisilini wala kloramfenikoli pia. Wagonjwa watatu walikufa na wodi ikabidi ifungwe. Lililonishtua mimi niliposoma habari hiyo ni kwamba kinga dhidi ya fedha na kinga dhidi ya antibiotiki zilibebwa pamoja katika kipande kimoja cha urithi, ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa jirani yake. Yaani ukimfundisha kijidudu kuvumilia dawa ya kitambaa, unaweza kumfundisha siku hiyohiyo kuvumilia sindano.

Na Salmonella huyo si mgeni wetu. Ndiye anayeingia kwenye damu ya watoto wadogo wa Kongo, hasa waliochoshwa na malaria, upungufu wa damu na njaa. Mwaka 2019 wanasayansi waliokuwa wakishirikiana na taasisi yetu ya utafiti wa tiba, INRB ya Kinshasa, walitangaza tawi jipya la bakteria huyo lililopatikana hapa nchini, tawi ambalo dawa karibu zote za kawaida za hospitali zetu hazilitishi tena. Mtoto wa Kindu akipata huyo, daktari anafungua kabati na anakuta chupa nyingi zisizo na msaada. Duniani kote, mwaka 2019, vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko kiwango kilikuwa kikubwa kuliko kote. Kwa hiyo mtu akiniambia dawa kidogo kwenye soksi haidhuru, namuuliza anazungumzia nchi gani.

Niwaambie pia kuhusu triklosani, kwa sababu inagusa ugonjwa tunaoujua vizuri. Kwa miaka mingi watu walidhani triklosani inavunja kijidudu chote kwa pamoja, kama javeli, yale maji ya klorini, na kwa hiyo haiwezi kuzoeleka. Mwaka 1998 maabara ya Stuart Levy, katika Chuo Kikuu cha Tufts, ilionyesha kwamba dawa hiyo inalenga kimeng'enya kimoja ambacho bakteria hutumia kujitengenezea mafuta ya utando wake. Kinachofanana nacho kimo ndani ya jamii ya vijidudu vya kifua kikuu, na ndicho kinacholengwa na isoniazidi, dawa ambayo wagonjwa wengi wa kifua kikuu wa mkoa wetu wa Maniema wanaimeza kila asubuhi. Mwaka uliofuata maabara hiyohiyo ilionyesha, kwa binamu asiye na madhara wa kijidudu hicho, kwamba badiliko moja la urithi linaweza kumpa usugu wa zote mbili. Septemba 2016 serikali ya Marekani iliiondoa triklosani na kemikali nyingine 18 kwenye sabuni za kuogea za watu wa kawaida, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni na maji. Kitu walichokitoa kwenye sabuni zao, sisi tukinunue kwenye nguo?

Najua wanafunzi wa uuguzi mtasema, mama, hiyo ni nadharia, tupe majaribio ya wodini. Nayo yapo. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wauguzi 40 wa vyumba vya wagonjwa mahututi walivaa kwa kupokezana sare za aina tatu, moja ya kawaida na mbili zilizotiwa dawa za kuua vijidudu. Nguo zilipimwa mwanzo na mwisho wa zamu, pamoja na vyumba vya wagonjwa. Matokeo yalitoka mwaka 2017: sare zenye dawa zilichafuka sawasawa na zile za kawaida.

Lakini jaribio ninalotaka mlishike ni jingine, kwa sababu lilifanyika katika nchi zinazofanana na yetu, mojawapo ikiwa jirani yetu Rwanda. Ndugu zetu wapasuaji wa Benin, Ghana, Nigeria, Rwanda, Afrika Kusini, India na Mexico walijiuliza kama uzi wa kushonea uliopakwa triklosani unazuia kidonda cha upasuaji wa tumbo kuoza. Waliwafuatilia wagonjwa 5,788 katika hospitali 54. Jibu lililochapishwa mwaka 2021 ni kwamba uzi wa gharama haukuwa na faida yoyote iliyoonekana juu ya uzi wa kawaida. Zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila watano alipata maambukizo, awe ameshonwa kwa huu au kwa ule.

Kisha watu walewale, katika nchi zilezile saba, wakajaribu jambo lisilo na dawa hata tone. Kabla ya kufunga tumbo, timu nzima ivue glavu, ivae mpya, na ichukue vyombo vingine vilivyotakaswa ambavyo havijaingia ndani ya mwili. Basi. Hospitali 81, wagonjwa 13,301. Mwaka 2022 wakatangaza: maambukizo yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Pigeni hesabu. Katika kila wagonjwa 100, karibu watatu walirudi nyumbani bila usaha kwa sababu mtu alibadilisha glavu. Muuguzi wa chumba cha upasuaji atakayekumbushia jambo hilo katikati ya uchovu wa usiku, daktari mkubwa akiwa amesimama mbele yake, anafanya kazi ambayo ule uzi wenye dawa ulishindwa kuifanya.

Sisemi kitambaa chenye dawa hakina mahali pake. Kuna kimoja mnalala ndani yake kila usiku. Chandarua kina dawa ndani ya uzi, kimeokoa watoto wengi wa Maniema, na nitawagombeza mkiniambia mmekipeleka mto Lualaba kuvulia samaki. Tofauti ni kwamba chandarua kilipewa masharti. Shirika la Afya Duniani lilidai kionyeshe kwamba baada ya kufuliwa mara 20 bado kinaua mbu, na kwamba kitadumu takriban miaka mitatu ya matumizi. Tena kina adui mmoja anayejulikana, na kinafanya kazi moja. Hata hivyo mbu wameanza kuzoea, na viwanda vimelazimika kuongeza kitu cha pili ndani ya uzi ili dawa ya kwanza ipate nguvu tena. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kitambaa kilichopimwa kwa ukali namna hiyo, mtategemea nini kwa soksi isiyo na hata jina la dawa kwenye lebo? Kidonda kikubwa cha moto nacho kinaweza kuhitaji shashi yenye dawa, kwa siku zilizopangwa, mbele ya mtu anayejua lini aitoe. Hayo ni matibabu, yanaandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi, nalo ni mpox. Ugonjwa huu ni wa nchi yetu. Mtu wa kwanza kutambuliwa nao alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, mwaka 1970. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa dharura ya dunia nzima, baada ya aina mpya iliyoanzia Kamituga, Kivu Kusini, kuvuka mipaka. Huu ni ugonjwa wa vitambaa kuliko wengi wanavyofahamu. Maji ya vipele na magamba yake yanashikamana na shuka, na virusi hukaa humo siku nyingi katika hali kavu. Mwaka 2018 huko Uingereza, mhudumu mmoja wa hospitali aliambukizwa, na wachunguzi waliona kwamba njia iliyoelekea zaidi ni mashuka ya mgonjwa aliyoyabadilisha kabla ugonjwa haujajulikana. Kutandika kitanda tu.

Hapa kwetu anayetandika kitanda ni nani? Ni mama wa mgonjwa, dada yake, binti wa miaka 12 aliyetolewa shule aje kumlinda kaka yake. Familia ndiyo inayoleta mashuka, ndiyo inayoyafunga kwenye beseni na kuyapeleka mtoni au kwenye chemchemi. Naomba mwanafunzi yeyote wa uuguzi anayesoma haya asimpite binti huyo koridoni. Msimamishe, umwonyeshe. Shuka la mgonjwa halikung'utwi, kwa sababu magamba yanaruka na yatavutwa puani. Linakunjwa taratibu, upande mchafu ukielekea ndani, likiwa mbali na kifua na uso, linaingia moja kwa moja kwenye mfuko au beseni lake peke yake. Mikono ivae glavu, na pasipo na glavu mifuko miwili ya plastiki isiyotoboka ni afadhali kuliko mikono mitupu, kisha sabuni hadi viwikoni.

Mkoa wetu una ushahidi wake mwenyewe katika jambo hili. Tunda, huko Kibombo, kilikuwa kimojawapo cha vituo viwili ambako INRB na washirika wake wa Marekani walipima dawa iitwayo tekovirimati kwa wagonjwa wa mpox. Kingine kilikuwa Kole, Sankuru. Wagonjwa 597 walikubali kushiriki, wengine wakipewa dawa na wengine vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua amepata kipi. Agosti 2024 jibu likatoka: dawa haikufupisha siku za vidonda. Wengi walisikitika. Lakini angalieni hesabu ya pili. Waliokufa kati ya wote walioshiriki, waliomeza dawa na wasiomeza, walikuwa asilimia 1.7, wakati nchini kwa jumla ilihesabiwa asilimia 3.6 au zaidi. Wagonjwa hao walilazwa, wakalishwa, wakapewa maji ya kutosha, vidonda vyao vikaangaliwa na maambukizo mengine yakatibiwa mapema. Uangalizi wenyewe, katika hospitali za ndani kabisa ya msitu kama hii yetu ya Maniema, ulionekana kuokoa watu bila msaada wa ile dawa. Naijivunia Tunda, na ningependa kila mwanafunzi wa Kindu aijue habari hiyo kabla hajalijua jina la pedi yoyote ya kigeni.

Kuhusu kufua, nitaandika kwa kirefu kidogo, maana ndiyo kazi yenyewe. Uchafu hutoka kwanza, dawa hufuata. Klorini ikikutana na damu au kinyesi inaishia hapo, kwa hiyo anayemwaga javeli juu ya shuka lenye damu amepoteza javeli na shuka bado si salama. Fua kwa sabuni na maji mpaka maji yatoke meupe; sabuni yetu ya mawese inatosha, haihitaji jina kubwa. Suuza. Ndipo uloweke katika maji ya klorini ya asilimia 0.05 kwa nusu saa. Mkiwa na unga wa klorini wa asilimia 70, wanaotuletea wakati wa kipindupindu, ni kijiko kimoja cha mezani, kama gramu 15, ndani ya lita 20 za maji. Javeli ya sokoni inatofautiana nguvu chupa kwa chupa, kwa hiyo someni chupa, na kama haina maandishi msiinunue kwa kazi ya wagonjwa. Msichanganye klorini na siki, wala na dawa nyingine ya kusafishia, wala msiimwage kwenye beseni la mikojo. Mvuke wake unachoma mapafu. Pasipo na klorini, chemsheni. Maji yanayotokota hayabagui kijidudu, na hakuna bakteria aliyezoea moto kwa kuwa jana alichemshwa kidogo.

Halafu jua, halafu pasi. Bibi zetu walipiga pasi nepi za watoto kwa pasi ya makaa, upande wa ndani na wa nje, na kwenye mishono walikawia zaidi. Vijana mnacheka, mnaona ni urembo wa wazee. Kuna inzi katika nchi hii anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini kwenye nyasi. Mayai yanaanguliwa, buu linangoja ngozi, linapenya, na baada ya siku chache mtoto ana majipu mgongoni ambayo ukiyatazama vizuri yanapumua. Nguo ianikwe kwenye kamba, juani, ikauke kabisa, na ipigwe pasi hadi kwenye kiuno na mishono. Joto lilelile linamaliza na vijidudu vingi vilivyosalia. Hakuna kitambaa cha fedha wala shaba ninachokijua kitakachomzuia inzi yule.

Kwenu mafundi cherehani nina ombi kubwa zaidi, kwa sababu mikono yenu inagusa wasichana wetu mahali ambapo hawathubutu kumwambia mtu. Nimesikia baadhi yenu mnatafuta flaneli iliyotiwa dawa, na wengine mnataka kuloweka kitambaa katika dawa ya vidonda kabla ya kushona. Acheni. Uke una bakteria wake wa asili, wanatengeneza asidi inayowafukuza wageni wabaya, na dawa inayoua ovyo inawaua na hao walinzi. Msichana anayewashwa baada ya kuvaa pedi yenye dawa atanunua dawa zaidi, na mzunguko hautakwisha. Na ikiwa dawa itatoka kwenye pedi wakati wa kufuliwa, itateremka na Lualaba kwenda kwa wavuvi, na kwa ndugu zetu wa Lowa na Ubundu wanaochota maji hayo.

Shoneni pamba. Mkoa huu unaijua pamba kwa uchungu, wazee wetu walilazimishwa na Wabelgiji kuilima. Basi leo itutumikie. Upande unaogusa mwili uwe wa rangi hafifu ili msichana aone kama doa limetoka, na asidanganywe na kitambaa cheusi kinachoficha. Tabaka za ndani zifunguke, zisishonwe pamoja zikawa nene kama godoro, kwa sababu unene haukauki siku ya mvua, na Kindu mvua haituombi ruhusa. Kila msichana apate za kutosha kubadilisha huku nyingine zikikauka. Pesa mliyotaka kuiweka kwenye flaneli ya dawa iwekeni kwenye kipande cha sabuni ndani ya kila mfuko.

Tatizo kubwa la pedi za kufuliwa halimo kwenye uzi. Msichana anaona aibu, anaifua usiku, anaianika chini ya kitanda au nyuma ya godoro, asubuhi anaivaa ikiwa mbichi. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na hapa maneno hayo hayana fumbo. Kina mama, wekeni kamba juani, na kama macho ya watu yanasumbua tandikeni kikwembe chepesi juu yake, upepo na joto vitapita. Kina baba wakiuliza, waambieni ni nguo kama nguo nyingine. Nanyi mafundi, andikeni maelezo ya kufua kwa Kiswahili, na mchore picha kwa ajili ya asiyesoma: beseni, sabuni, kamba, jua, pasi. Msiandike kwamba inaua vijidudu. Na msichana akija kununua, kabla hamjapokea pesa yake, muulizeni kwa upole kwao anaanika wapi.